Lita ya chumvi iliyorukwa: kisa cha mgonjwa wa kitanda cha 9

Jumatatu, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nilimkuta mgonjwa wa kitanda cha 9 amelala chali, macho wazi, anaangalia dari. Nikamsalimia, nikamwambia, "Kaka, jivute kidogo upande huu nikutandikie." Hakusogea. Akasema kwa sauti ya chini, "Sista, miguu imegoma." Nikaweka kiganja chini ya kisigino chake nikamwomba ainue mguu. Kisigino kilibaki palepale kiganjani, kizito kama tofali. Mkono aliunyanyua nusu, ukaanguka juu ya shuka.

Shangazi yake alikuwa amekaa chini kwenye mkeka kando ya kitanda. Aliniuliza swali ambalo kila ndugu angeuliza: "Mwanangu, ugonjwa umepanda?"

Wodi nzima ilidhani hivyo. Daktari mtarajali aliyekuwa zamu alianza kuandika maombi ya picha ya kichwa. Mimi nilikwenda kwenye chati ya maji, ile karatasi ya kuandika dripu zilizoingia na mkojo uliotoka. Jumamosi, safu ya potasiamu, madini yanayoipa misuli nguvu, ilikuwa na mstari tu. Jumapili, safu ya dripu ya maji ya chumvi ilikuwa tupu kabisa, lakini safu ya amfoterisini, dawa yake ya fangasi, ilikuwa na saini. Nilijua hapo hapo kwamba miguu ile haikulemazwa na fangasi. Tuliilemaza sisi.

Naandika kisa hiki kwa wauguzi wenzangu, hasa wa wodi za magonjwa ya ndani katika hospitali za mikoa na wilaya. Mambo yanayoweza kumtambulisha mgonjwa nimeyaacha, na hospitali siitaji.

Alikuwa kijana wa miaka 36, dereva wa bodaboda, kilo 48. Kichwa kilikuwa kinamuuma wiki tatu. Alikuwa ameshatibiwa malaria mara mbili kwenye maduka ya dawa kabla hajaletwa kwetu, anatapika na haoni vizuri upande wa kushoto. Kipimo cha VVU kilikuwa chanya, CD4, yaani seli za kinga, ilikuwa 38. Maji ya uti wa mgongo yalipopimwa kwa wino yalionyesha vijidudu vya kriptokokasi, fangasi wanaoshambulia utando wa ubongo, vile vyenye duara jeupe kukizunguka kila kimoja, na yalitoka kwa presha ya sentimita 34 wakati kawaida haizidi 20. Daktari alitoa maji mpaka presha iliposhuka, na jioni ile kichwa kilipoa kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi. Kumbukeni jambo hilo la kichwa kupoa, maana linarudi mbele.

Wakati huo stoo yetu ilikuwa na amfoterisini B ya kawaida na flukonazoli, zote dawa za fangasi. Flusitosini, dawa nyingine ya fangasi, haikuwepo. Kwa hiyo akapangiwa siku 14: amfoterisini miligramu 1 kwa kila kilo kwa siku, yaani miligramu 48, pamoja na flukonazoli miligramu 1200, vidonge 6 vya 200 kwa mkupuo. Dozi ya kwanza aliipata Jumatano.

Lazima niieleze dawa hii kidogo, kwa sababu usipojua inavyofanya kazi utaona kanuni zake kama usumbufu wa makaratasi. Amfoterisini ilipatikana miaka ya 1950 kutoka kwa bakteria wa udongo uliochukuliwa bonde la mto Orinoco, Venezuela. Inamuua fangasi kwa kutoboa ngozi ya seli yake: inashikana na mafuta yanayoitwa ergosteroli, inafungua matundu, chumvi za ndani zinavuja, fangasi anakufa. Shida ni kwamba ngozi ya seli zetu ina kolesteroli, ambayo ni kama ndugu wa ergosteroli, na dawa haiwatofautishi vizuri ndugu hao wawili. Mahali inapokosea zaidi ni kwenye figo. Mirija ya figo inatobolewa nayo, potasiamu na magnesiamu vinamwagika kwenye mkojo. Wakati huohuo mishipa midogo inayopeleka damu kwenye figo inajibana, figo inapata damu pungufu, kreatinini (taka ya kwenye damu inayoonyesha figo zimechoka kiasi gani) inapanda. Baadaye figo hiyohiyo iliyochoka inapunguza kutengeneza homoni inayoamrisha mifupa itengeneze damu, na wiki ya pili mgonjwa anaanza kupauka.

Ukishayajua haya utaona kwamba madhara ya dawa hii yanakuja kwa saa na kwa siku zinazojulikana. Homa na kutetemeka huja saa moja hadi tatu baada ya dripu kuanza. Mshipa huvimba na kuwaka siku ya pili au ya tatu kama kanula, kile kibomba cha mshipani, haikuhamishwa. Potasiamu huanza kushuka ndani ya wiki ya kwanza, kreatinini inapanda, damu inapungua wiki ya pili. Dawa chache sana zinampa muuguzi taarifa mapema namna hii. Mgonjwa akipata pigo la potasiamu siku ya sita, hatuwezi kusema tumeshtukizwa.

Kinga yake pia inajulikana, na imeandikwa na Shirika la Afya Duniani. Kabla ya kila dozi, lita 1 ya maji ya chumvi yenye potasiamu kloraidi milimoli 20, iingie kwa saa 2 hadi 4. Chumvi ile ndiyo inayoifungua mishipa ya figo isijibane. Juu yake, vidonge vya potasiamu na vya magnesiamu kila siku. Potasiamu na kreatinini vipimwe kabla ya kuanza, kisha mara 2 kwa wiki. Kiwango cha damu kipimwe kabla ya kuanza, kisha kila wiki. Potasiamu ikishuka chini ya 3.3, ile ya kwenye dripu inapandishwa hadi milimoli 40 na kipimo kinakuwa cha kila siku. Kreatinini ikifika mara mbili ya ile ya mwanzo, dozi moja inarukwa na maji ya chumvi yanaongezwa hadi lita 1 kila saa 8.

Angalia vizuri maagizo haya. Daktari anaandika "amfoterisini 48 mg" kwa mstari mmoja. Kazi yote iliyobaki inayomfanya mgonjwa aivumilie dawa iko mikononi mwa muuguzi.

Siku tatu za kwanza tulifanya vizuri, na nataka nizionyeshe, kwa sababu kisa hiki si cha watu wasiojua kazi. Chupa zetu ni za nusu lita, kwa hiyo lita moja ya chumvi ni chupa mbili. Ampuli ya potasiamu ya mililita 10 ina milimoli 20, basi tunaweka mililita 5 katika kila chupa. Kisha tunaigeuza chupa chini juu mara kumi kabla ya kuitundika. Kama kuna hatua moja ya kutoiruka kamwe, ni hii: potasiamu ni nzito, inatuama shingoni mwa chupa, na isipochanganywa mgonjwa anaipokea karibu yote kwa mkupuo. Potasiamu ya mkupuo inasimamisha moyo. Ndiyo maana haisukumwi kwa sindano kamwe, na ndiyo maana haikai rafu moja na ampuli za maji ya sindano ambazo kwa macho ya usiku wa manane zinafanana nayo kama pacha.

Chumvi ilitundikwa saa mbili asubuhi, matone 83 kwa dakika, ikaisha saa sita mchana. Nusu saa kabla ya dawa akapewa parasetamoli gramu 1. Unga wa amfoterisini ukayeyushwa kwa mililita 10 za maji ya sindano, ukawa wa njano. Zikavutwa mililita 9.6, zikagawanywa kwenye chupa mbili za glukosi asilimia 5. Glukosi, si chumvi. Kabla ya kuunganisha dawa, kanula inasafishwa kwa glukosi vilevile. Mwanafunzi mmoja Alhamisi aliisafisha kwa chumvi kwa mazoea. Nilimzuia, nikachukua tone la dawa lililobaki kwenye sindano, nikaliangushia kwenye kidumu chenye chumvi kidogo. Maji ya njano maangavu yakageuka ukungu, kama maziwa yaliyomwagikia maji. Nikamwambia, "Huo ukungu ndio ungeingia kwenye mshipa." Sijaona mwanafunzi akisahau baada ya kuliona tone lile.

Alhamisi hiyo alitetemeka vibaya. Dakika ya 70 meno yalianza kugongana, kitanda kikawa kinapiga ukuta, joto likafika 39.4. Tulipunguza matone, tukamfunika, daktari akaagiza pethidini kiasi kidogo, ndani ya dakika 20 akatulia. Shangazi alilia akitaka dawa itolewe. Nilikaa naye mkekani, nikamwambia kwamba kutetemeka huku kunatisha kwa macho, lakini kunapita na kwa kawaida kunapungua siku zinavyokwenda, na kwamba hatari kubwa ni ile isiyoonekana. Nilisema vizuri. Sikujua kwamba ile isiyoonekana ningechangia kuileta mwenyewe.

Ijumaa saa nane mchana nilimtoa damu ya kipimo cha pili. Nikaipeleka maabara, nikarudi, nikaingia kwenye shughuli ya kumlaza mgonjwa wa kisukari aliyeletwa hajitambui. Saa tisa na nusu nikakabidhi zamu. Kwenye daftari la makabidhiano niliandika: "Kitanda 9, dozi ya 3 inaendelea, hali nzuri." Sikuandika kwamba majibu ya potasiamu yanasubiriwa. Majibu yalitoka saa kumi na moja jioni: potasiamu 3.2, kutoka 3.9 ya Jumatano. Chini ya 3.3. Karatasi ile ilikaa kwenye trei ya maabara hadi Jumatatu, kwa sababu hakuna mtu aliyejua kwamba ipo.

Nimelifikiria jambo hili mara nyingi kuliko mengine yote ya kisa hiki. Kipimo kilifanyika, maabara ilifanya kazi yake kwa wakati, na jibu lilikuwa wazi kabisa. Maneno manne tu yalikosekana kwenye daftari.

Jumamosi kulikuwa na muuguzi mmoja na wagonjwa 31. Kabati la potasiamu lilikuwa limefungwa, kama inavyotakiwa, lakini ufunguo ulikuwa kwa msimamizi wa wodi, na msimamizi alikuwa mapumzikoni. Muuguzi alipiga simu, haikupatikana. Akatundika chumvi tupu. Usiku kichwa kikaanza kumuuma tena mgonjwa, na kwenye chati kulikuwa na agizo la zamani la diklofenaki, dawa ya maumivu, ya sindano "akihitaji", lililoandikwa mapokezi siku aliyoingia. Akapewa. Jumapili alfajiri akapewa nyingine. Diklofenaki inabana mishipa ileile ya figo ambayo amfoterisini inaibana. Ni kama mtu kumkaba mwenzake shingo, akaja wa pili akakaza.

Jumapili kanula ilivimba saa tatu asubuhi. Mikono yake ilikuwa imeshachomwa sana, mshipa mpya ukapatikana saa tisa mchana baada ya watu watatu kujaribu. Muuguzi wa zamu akaona siku inaisha. Kama angeanza na chumvi, dawa ingetundikwa jioni na kumalizika usiku mzito, na usiku kulikuwa na mtu mmoja. Akaamua kuokoa dozi. Akatundika amfoterisini moja kwa moja. Jioni mgonjwa alitapika vidonge vyote, vya potasiamu vikiwemo.

Simlaumu, na ningemwomba msomaji naye asikimbilie kumlaumu. Alichokifanya kilitokana na imani tuliyokuwa nayo wodi nzima bila kuitamka: kwamba amfoterisini ndiyo dozi, na chumvi ni maandalizi. Muda ukibana, mtu anaacha maandalizi. Hakuna muuguzi ambaye angekata nusu ya amfoterisini ili kuokoa muda. Ila lita nzima ya chumvi ilikatwa, na dhamiri ya mtu haikushtuka, kwa sababu kwenye chati ya dawa lita ile haikuwa na mstari wake. Ilikuwa imeandikwa kwa kalamu pembeni, kama nyongeza.

Jumatatu saa mbili majibu mapya yalifika mkononi: potasiamu 2.4. Kreatinini 171, wakati ya mwanzo ilikuwa 78. Kipimo cha umeme wa moyo kilionyesha mawimbi yaliyolala. Daktari bingwa aliposoma chati ya maji aliifuta karatasi ya picha ya kichwa. Dozi ya siku ile ikasimamishwa. Chumvi ikaongezwa, lita kila saa 8. Potasiamu milimoli 40 ndani ya lita moja, kwa saa 4, yaani isizidi milimoli 10 kwa saa kwenye mshipa wa mkono, huku mmoja wetu akipima mapigo kila dakika 15. Magnesiamu ikaongezwa pia, na hapa nasisitiza: magnesiamu ikiwa chini, potasiamu unayoingiza figo inaimwaga tena, unajaza ndoo iliyotoboka. Diklofenaki ikafutwa kwenye chati kwa mistari miwili na saini.

Kichwa je? Maji ya uti wa mgongo yalipimwa tena, presha ilikuwa 29. Yakatolewa, kichwa kikapoa ndani ya saa moja. Kwa mgonjwa wa ugonjwa huu, kichwa kinachorudi kuuma ni taarifa ya presha, na tiba yake ni kutoa maji. Jumamosi usiku muuguzi alikuwa na taarifa ile, akaijibu kwa sindano iliyokuwa imeandikwa. Tangu hapo sisi agizo la "akihitaji" lililotoka mapokezi tunalisoma upya mgonjwa anapoanza dawa yoyote inayoumiza figo. Tunatafuta diklofenaki, ibuprofeni, jentamaisini. Ni kazi ya dakika mbili na haihitaji ruhusa ya mtu; unamwita daktari na kumwuliza, "Hii bado tunaihitaji?"

Jumanne potasiamu ilikuwa 2.9. Jumanne jioni mguu wa kulia ulinyanyuka sentimita chache kutoka kitandani. Jumatano kreatinini ilishuka hadi 128, potasiamu 3.4, na amfoterisini ikaendelea.

Nije kwenye tulichobadilisha, kwa kuwa najua wengi mmesoma mpaka hapa mkitafuta hicho. Cha kwanza ni kidogo kwa maneno na kikubwa kwa kazi: lita ya chumvi yenye potasiamu sasa inaandikwa kwenye chati ya dawa kama dawa namba 1, ina saa yake na saini yake, na amfoterisini ni namba 2. Muuguzi haruhusiwi kusaini namba 2 kama namba 1 haina saini. Lita ikikosekana, anapiga simu kwa daktari kama vile amekosa dawa yenyewe. Mwezi uliofuata simu hiyo ilipigwa mara mbili.

Cha pili ni saa. Ratiba yetu ya zamani iliiweka dawa kati ya saa sita na saa kumi, na katikati yake kulikuwa na makabidhiano ya saa tisa na nusu. Yaani wakati mgonjwa anahitaji jicho zaidi, sisi tulikuwa mezani tunasomeana daftari. Sasa muuguzi wa usiku anatundika chumvi saa kumi na mbili alfajiri kabla hajaondoka. Dawa inaanza saa nne na kumalizika saa nane mchana, madaktari wapo, maabara ipo, watu wapo. Wenzetu wa usiku walilalamika mwanzoni, na walikuwa na haki, alfajiri ni wakati mgumu. Tukakubaliana kwamba wa usiku anatundika chupa ya kwanza tu, na kuichanganya ni watu wawili, wa usiku na msaidizi anayewahi.

Ufunguo wa kabati la potasiamu sasa unakabidhiwa mkono kwa mkono na kusainiwa, kama ule wa mofini. Kufunga potasiamu ni sahihi. Kuifunga na kuondoka na ufunguo ni kumnyima mgonjwa dawa.

Kwenye daftari la makabidhiano tulichora safu moja: "Majibu yanayosubiriwa". Safu ikiwa na neno, zamu inayopokea ndiyo inayoyafuata maabara. Ninaijaza safu hii kwa mkono wangu kila siku ninayokuwa kazini.

Kanula tunahamisha mapema, kabla haijavimba, na tunaanzia chini mkononi kupanda juu ili mishipa ya juu ibaki akiba. Chupa ya mwisho ya glukosi ikiisha tunasafisha mshipa kwa glukosi, kisha tunapitisha nusu lita ya chumvi. Kijana huyu hakupata mshipa mwingine wa kuvimba hadi siku ya mwisho.

Na kuna kipimo kisichohitaji maabara. Kila asubuhi, kabla ya chupa ya kwanza, muuguzi anamwambia mgonjwa wa amfoterisini, "Inua mguu. Kamata mkono wangu, kaza." Anauliza kama tumbo linajaa, kama misuli inakaza usiku, kama moyo unarukaruka. Hakitoshi kuchukua nafasi ya damu, lakini Jumapili hakuna maabara ya potasiamu kwetu, na mguu upo kila siku. Laiti tungemwambia ainue mguu Jumapili asubuhi, naamini tungeuona umeanza kulegea.

Shangazi tulimfundisha pia. Alipewa daftari dogo la shule, akawa anaandika kila chombo cha mkojo kimejaa kiasi gani, na kila kidonge kilichotapikwa. Ni mama wa darasa la saba, na mwandiko wake ulikuwa safi kuliko wa wengi wetu. Aliniuliza kama amletee madafu, amesikia yana potasiamu. Nilimwambia yalete, pamoja na ndizi, ila kwa sasa yanasaidia tu, dripu ndiyo inayobeba mzigo, na kama figo zikichoka zaidi nitamwambia aache. Siku iliyofuata alinyanyuka mkekani kabla sijafika kitandani: "Mwanangu, usiku ametapika vidonge viwili vyeupe." Vilikuwa vya potasiamu. Vikarudiwa.

Wiki ya pili damu ilishuka kama ilivyotarajiwa, kutoka 10.8 hadi 8.3. Kwa kuwa tulikuwa tunaisubiri, hakuna aliyeshtuka, hakuhitaji kuongezewa. Dozi ya 14 ilikwisha, akaendelea na flukonazoli miligramu 800 kwa wiki 8, na CTC, kliniki ya VVU, wakamwanzishia ARV wiki ya tano, kwa sababu ugonjwa huu ukianzishiwa ARV mapema mno kinga ya mwili inaweza kuamka kwa fujo ndani ya kichwa.

Najua baadhi ya wasomaji watasema dawa hii inaondoka. Ni kweli, na nafurahi. Mwaka 2018 utafiti uliofanyika Malawi, Zambia, Kamerun na hapa kwetu Tanzania ulionyesha kwamba wiki moja ya amfoterisini pamoja na flusitosini inaokoa watu zaidi ya wiki mbili za namna tuliyotumia. Mwaka 2022 ukatoka mwingine wa Botswana, Malawi, Afrika Kusini, Uganda na Zimbabwe: dozi moja kubwa ya amfoterisini iliyofungwa ndani ya mafuta, miligramu 10 kwa kilo, pamoja na siku 14 za flusitosini na flukonazoli. Iliokoa watu sawasawa na matibabu ya wiki moja, na madhara yakapungua sana. Mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani likaifanya chaguo la kwanza. Pale ilipofika, mgonjwa kama wetu anatobolewa mshipa kwa ajili ya dawa hii mara moja tu.

Lakini hata dozi hiyo moja inatanguliwa na chumvi yenye potasiamu, na kwa siku tatu za mwanzo vidonge vya potasiamu na magnesiamu vinaendelea. Nayo flusitosini inaliwa kila saa 6, usiku wa manane ukiwemo, na inaweza kuzima utengenezaji wa damu mifupani. Wodi itakayoona dozi ya saa sita usiku kuwa ya hiari itarudi palepale tulipokuwa Jumapili ile.

Siku ya dozi ya mwisho nilikuwa zamu ya usiku. Saa kumi na mbili alfajiri nilifika kitanda cha 9 na chupa mkononi, nimeshaigeuza mara kumi. Kabla sijafungua mdomo akatoa mguu nje ya shuka, akaunyoosha juu, akaushikilia hapo, anausubiri mkono wangu.